Fidia ya watetezi wa watumiaji sio posho jamani

Juzi nimesikia tena. Tumekaa ukumbini hapa Dodoma kwenye taftishi ya bei za maji, yani kikao cha wazi cha kusikiliza maoni, mzee mmoja kasimama na ankara zake za miezi sita kazibana kwa pini ya nguo, anazisoma moja moja, anauliza imekuwaje uniti zipande mwezi ambao maji kwake yalitoka siku nane tu. Swali la maana kabisa. Nyuma yangu kijana akamwambia mwenzie, "Marekani watu kama huyu mzee wanalipwa posho kuja kulalamika," na mwenzie akajibu, "sio posho, hongo hiyo, wapewe wanyamaze." Sikuwageukia kwa sababu mzee alikuwa bado anaongea, ila nimekaa nalo mpaka leo.

Walichokuwa wanakisema ni fidia ya watetezi wa watumiaji, na maana yake ni fupi. Kampuni ya umeme, gesi au maji ikipeleka maombi ya kupandisha bei kwa mdhibiti, yani chombo kinachoidhinisha bei, kunakuwa na shauri, na anayeingia kwenye hilo shauri kumtetea mtumiaji wa kawaida anaweza kurudishiwa gharama zake, yani mwanasheria, mtaalamu wa mahesabu, masaa ya kupitia makaratasi. Basi. Marekani sheria ya taifa ya 1978 iliweka msingi kwa upande wa umeme, California wakatunga ya kwao 1984 na hiyo ndio inayotajwa sana.

Sasa tuje kwenye posho, maana hapa ndio watu wanapopotea. Posho kwa asili ni chakula, ni ule unga aliokuwa anapimiwa mpagazi au kibarua kwa siku, na Uganda mpaka leo ukiagiza posho unaletewa ugali. Kwetu imehamia kwenye vikao lakini tabia yake ni ileile: umefika, umesaini, umepewa, hata kama ulisinzia toka saa tatu mpaka saa saba. Ile ya California haiko hivyo hata kidogo. Kwanza unatoa taarifa mapema kwamba utakuja kudai, ndani ya siku 30 baada ya kikao cha awali cha shauri, na unaonyesha kwamba kushiriki kwa hela yako kungekuumiza. Alafu unafanya kazi yote kwa gharama zako, miezi inapita, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Uamuzi ukitoka una siku 60 kupeleka madai, saa kwa saa, nani alifanya nini, na lazima uonyeshe kwenye uamuzi wenyewe ni wapi hoja yako ilitumika. Sio lazima ushinde kila kitu, hata sehemu ya hoja ikichukuliwa inahesabika. Lakini kama hukuchangia chochote cha maana hupati kitu, na masaa wakiona umeyazidisha wanayakata. Mtu wa posho hawezi kuvumilia utaratibu huo.

Hongo ndio imeniuma zaidi, kwa sababu tuko Ugogo. Hilo neno limepita hapahapa tulipokaa. Karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, upande wa Tabora, ilikuwa inakatiza Ugogo, nchi kame, maji ya shida, na watemi wa Kigogo walikuwa wanatoza hongo ya vitambaa, shanga, waya, ndio msafara upite na uchote maji. Stanley alipopita 1871 alilipa kama wengine. Kwa wenyewe ilikuwa ada halali, inalipwa mchana kweupe, kila mtu anajua, tena ada ya kutumia maji ya wenyeji. Leo ukisema hongo watu wanasikia bahasha chini ya meza. Neno lilikuwa na heshima yake likaishia huko, na ndio maana nikisikia fidia ya watetezi nayo inaitwa hongo naogopa kweli. Ile fidia inaombwa kwa maandishi, kampuni inaruhusiwa kuipinga, na mdhibiti anaandika uamuzi kila mtu asome. Na halipwi mtu kwa kunyamaza, analipwa kwa alichosema kikasaidia.

Hata neno fidia lenyewe linatuchanganya kidogo. Hapa Dodoma ukitamka fidia mtu anawaza kiwanja, barabara imepita shambani kwake, mthamini kaja na tepu. Kwa hiyo anadhani mtetezi naye kaharibiwa kitu. Ila asili yake ni Kiarabu, ni kulipa ili kukomboa, kama mgonjwa au mzee asiyeweza kufunga Ramadhani anavyolisha maskini badala yake. Kinachokombolewa kwenye shauri la bei ni nafasi ya mtumiaji kusikika. Kwa sababu angalia, kampuni ikija na mawakili na wataalamu wake, gharama hizo kwa kawaida zinaingia kwenye bei, yani mteja anamlipia anayeomba bei ipande. Akikosa wa kumsemea, kalipia upande mmoja tu. Na fidia pia California inalipwa na kampuni alafu inarudi kwenye bei, hilo tusilifiche, ila ikigawanywa kwa wateja wote ni kidogo sana kwa kila mmoja.

Kingine, msichanganye na Baraza letu la watumiaji chini ya sheria ya EWURA, mdhibiti wetu wa nishati na maji. Lile ni chombo cha kudumu kilichoundwa na sheria kutuwakilisha, kazi yake iko palepale shauri liwepo lisiwepo. Fidia ni ya mtu au chama kilichojitosa kwenye shauri moja, na inaishia kwenye shauri hilo.

Kwa hiyo wale vijana wawili kama mnasoma hapa, sijakasirika. Mkiona neno fidia linawapeleka kwenye viwanja semeni "kurudishiwa gharama za ushiriki", ni refu ila halimdhalilishi mtu. Na yule mzee hakulipwa na yeyote, alikuja kwa daladala kutoka Nkuhungu, nimemuuliza mwenyewe pale nje wakati anazikunja ankara zake.