Rangi ya Mtumbwi, Rangi ya Picha

Vijana wanaonijia na madaftari yao ya michoro huwa na hofu moja: wakianza kupaka mabango ya saluni na mitumbwi ya watu, kipaji kitakufa. Mimi ni fundi rangi hapa Mwanza na ni mchoraji pia, nakula kwa kazi zote mbili, kwa hiyo nitasema ninavyoona. Bango halijamuua msanii. Kinachomuua ni picha ya katikati, ile unayoiita yako, lakini kila ukichovya brashi unajiuliza kama mtalii anayepita kwenda Serengeti ataipenda.

Kazi ya tajiri, yaani ile ya kuagizwa na mwenye mali, haina shida hiyo. Mwenye mtumbwi anakuja, anasema, "Fundi, nipigie nyekundu na nyeupe, jina ubavuni, namba ya usajili ionekane vizuri." Unampigia. Simba ni timu yake, si yako. Mimi ni Yanga damu, lakini makopo ya nyekundu niliyomaliza ni mengi kuliko ya kijani, na sijaugua. Hapo ninachodaiwa ni ufundi: mbao ziwe zimekauka, rangi ya zamani inayobanduka ikwanguliwe, msasa upite, praima ipakwe, ndipo rangi ya mafuta ipigwe mara mbili. Herufi zisomeke kutoka mbali. Hakuna anayeniuliza moyo wangu unasema nini, wala sitaki aniulize.

Halafu kuna jambo ambalo wenzetu wa miji iliyo mbali na ziwa hawanalo: kalenda yetu inapangwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za sola na betri zimeenea. Mbalamwezi ikitanda ziwani, taa inakosa nguvu, dagaa hawakusanyiki chini yake. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi hupandishwa mwaloni, pale ufukweni inapofikia, wavuvi wengi wanarudi makwao, na matajiri wanatafuta mafundi: wa mbao, wa kuziba nyufa, na sisi wa rangi. Siku hizo sichori kitu changu hata kidogo. Naamka alfajiri, nanusa tina ya kuchanganyia rangi mpaka jioni, na sijisikitikii.

Giza likirudi, mitumbwi inaingia majini na simu yangu inanyamaza. Hapo ndipo ninapotoa kitambaa cha marekani, nakinyoosha kwenye fremu ya mbao, nakipaka msingi mweupe, nakiacha kikauke juani. Nachora majabali ya Mabatini na nyumba zilizobanana juu yake, nguo zilizoanikwa kwenye mawe, michirizi myeusi ambayo maji ya mvua huiacha kwenye jiwe. Ni picha ngumu kuuza. Jiwe la Bismarck, lile maarufu la ziwani hapa Mwanza, naliacha kwa makusudi. Ni zuri, lakini nikilichora mimi najikuta nachora kadi ya posta.

Wengi wakisikia hivi hunitajia Tingatinga. Sawa, tumtaje. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye hadibodi, kwa rangi za mafuta zinazong'aa, na picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay. Wageni walinunua. Alifariki mwaka 1972. Je, alikuwa mnafiki kwa kuwa aliuza? Hata kidogo. Alichukua vifaa vya bei nafuu vilivyokuwa karibu, akatoka na mkono wake mwenyewe. Ugumu ulianza kwa waliomchukua twiga wake kwa sababu twiga ananunulika. Baadhi yao walipata njia zao baadaye, wengine wanamchora twiga yule yule mpaka leo. Siwalaumu, mahitaji ya watoto shuleni hayasubiri. Ila hiyo ni kazi ya tajiri, basi waiite hivyo, na wabakize siku za picha zao wenyewe.

Wasukuma walilipanga jambo hili kabla yetu sisi wa brashi. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kwa kucheza wakati mmoja, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Wachezaji hutumia kila mbinu, hata chatu huletwa uwanjani. Nenda Bujora, pale Kisesa, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni, ukaone. Kumfurahisha mtazamaji ndio mchezo wenyewe, na hakuna anayeona haya. Lakini angalia msimu: mashindano yalikuwa ya baada ya mavuno. Chakula kilikuwa kimeshaingia ghalani, kwa hiyo manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, aliweza kuthubutu wimbo ambao haujawahi kusikika. Watu wakimkimbia, alipoteza heshima ya siku ile, si ugali wa wanawe.

Na kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikakosa mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35! Kama angeitegemea imlishe, ama angeibadilisha ama angeitupa.

Tuje kwenye pesa. Mashine za kuchapa benna zimetunyang'anya mabango mengi ya maduka, na sidhani yatarudi. Benna inatoka siku hiyo hiyo na ina picha ya mwenye duka mwenyewe. Kilichobaki ni mahali mashine haifiki: ubao uliopinda, ukuta wa plasta, darasa la chekechea linalotaka herufi na wanyama. Ukipanga bei, hesabu rangi, nauli, chakula cha kule mwaloni, na siku zako zote, pamoja na ile ya kusubiri ubao ukauke, maana vijana wengi huisahau. Dai nusu kabla ya kufungua kopo. Mimi nikishapokea nusu ya pili, napitia dukani kununua rangi za picha zangu kabla sijafika nyumbani. Ikishafika nyumbani, pesa ina wenyewe.

Picha yako ikiuzwa, jua umeuza nini. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki inakuwa yako tangu kazi inapoumbwa, nayo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Aliyenunua amepata picha ya kutundika, hajapata ruhusa ya kuichapa kwenye fulana. Liandike hilo kwenye risiti, sentensi moja tu, mteja aweke sahihi.

Na mteja akiipenda picha yangu ya majabali, akasema, "Mzee, nifanyie kama hii, ila uweke jua linazama," namkubalia. Atalipa nusu kwanza kama mwenye mtumbwi, na nyuma ya fremu naandika "kazi ya kuagizwa". Akileta picha kwenye simu kunionyesha jua analolitaka ni la rangi gani, nalifuata hilo hilo.