Kuezua paa la asbesto: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Tumelala chini ya paa hili miaka yote na hakuna aliyeugua." Kauli hii inanitia hofu kuliko zote. Saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa na saruji kutengenezea mabati haya, hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta nyuzi zake, hivyo afya ya leo haithibitishi chochote. Bati la asbesto ambalo ni zima halimwagi nyuzi nyingi, kwa kuwa saruji imezishika. Hatari kubwa huja siku ya kuliezua.

Wengi huamini kwamba mafundi wawili wenye nyundo wanatosha: vunja, tupa chini, fagia. Hapo ndipo nyuzi zisizoonekana kwa macho huenea nyumba nzima na kwa jirani. Paa hulowanishwa kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, yanyunyizwe taratibu, kamwe si kwa mashine ya shinikizo. Bolti hufunguliwa, iliyoshika kutu ndiyo hukatwa, bati lisiguswe na msumeno wala grainda. Kisha kila bati hushushwa zima. Na asikanyage mtu juu yake: mabati haya yakizeeka hupasuka ghafla, na mafundi wamekufa kwa kutumbukia.

Barakoa ya kitambaa je? Haizuii nyuzi hizi. Inahitajika ya kuchuja vumbi laini, ya kiwango cha FFP3 au zaidi, iliyobana uso, ndevu huivujisha. Nguo za kazi nazo zisirudi nyumbani, maana wapo waliougua kwa kufua tu nguo za waume zao. Ufagio uwekwe kando, vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi.

Kuchoma hakusaidii: asbesto haiungui, na bati likipata moto hulipuka vipande. Kujengea banda kwa mabati ya zamani ni kuhamisha hatari tu. Yafungwe kwa plastiki nene tabaka mbili, yaandikwe onyo, yapelekwe dampo lenye kibali cha taka hizo.

Wapo pia wanaopigilia mabati mapya juu ya yale ya zamani wakidhani wamekwepa shida. Kila tundu la skrubu linatoa vumbi lile lile.

Paa jipya nalo lina mtego wake. Mabati ya chuma ni mepesi sana kuliko asbesto, na upepo huyanyanyua kwa urahisi, kwa hiyo kenchi (fremu za paa) zikaguliwe na kufungwa imara ukutani, na nafasi za papi (mbao zinazopigiliwa mabati) zipimwe upya kabla ya kuezeka.