Je, wajua askari wa mwili huitambuaje seli ya saratani?

Mnunuzi wa mchele sokoni Tabora hafungui gunia. Huchoma bambo ubavuni, punje chache zikateremka kiganjani, akaangalia chenga na mchanga, kisha akaamua juu ya gunia zima. Seli T, askari wetu wa damu, hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo.

Wengi huamini saratani hutokea kwa sababu kinga imeshuka, hivyo ukinywa dawa ya kupandisha kinga uvimbe utanywea. Sivyo. Bakteria ni mgeni, lakini seli ya saratani imezaliwa mwilini humo humo, na karibu kila kilichomo ndani yake ni chetu. Ndiyo maana hata mwenye kinga imara huugua. Askari huwa wapo. Kazi ngumu ni kumtambua ndugu aliyeharibika. Kweli, zipo saratani zinazofuata kinga dhaifu, kama Kaposi kwa mwenye VVU, kwa kuwa kirusi kinachoileta hupata upenyo. Hata hapo, kinachorudisha ulinzi ni ARV zinazomezwa kila siku.

Sasa, bambo liko wapi? Ajabu ni kwamba gunia hujichoma lenyewe. Seli hukata protini zake vipande vidogo, kwa kawaida vya asidi amino (tofali zinazojenga protini) 8 hadi 10, na kuvianika nje juu ya molekuli za HLA, vibao vya maonyesho vya seli. Seli T hupita ikipapasa. Jeni ikiharibika, kipande kinaweza kutofautiana kwa asidi amino moja tu, na hiyo moja yaweza kutosha kuishtua.

Kabla ya hapo lazima ifundishwe. Seli za dendriti, walinzi wa kinga wanaokusanya sampuli, humeza mabaki ya uvimbe na kuyapeleka kwenye tezi za limfu, zile zikivimba tunaziita mitoki. Seli T inayoafikiana na kipande hicho huzaana kwa siku kadhaa, kisha hurudi kwa njia ya damu. Ikiipata seli mbaya huigandama, huitoboa kwa protini iitwayo perforini na kuingiza vimeng'enya viitwavyo granzaimu vinavyoiamuru ijiue. Halafu huiacha, ikatafute nyingine.

Baadhi ya saratani huacha kuanika sampuli. Gunia linalokataa bambo huishtua seli ya NK, askari mwingine wa kinga, ambayo huweza kuliua kwa kosa hilo hilo. Saratani nyingine huvaa protini ya PD-L1, inayokanyaga breki ya seli T iitwayo PD-1. Breki hiyo ipo ili tusijishambulie wenyewe. James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba breki za namna hii zinaweza kuachiliwa. Dawa zake zina gharama mwilini: utumbo, tezi ya shingo au mapafu huweza kushambuliwa, hivyo anayezitumia akiharisha aripoti siku hiyo hiyo.

Saratani nyingi za kongosho hazizijali dawa hizo. Sababu mojawapo ni uchache wa mabadiliko ya jeni: bambo linatoa punje zilezile za gunia la jirani.