Doa jekundu kwenye ramani si mchafuzi

Waonyeshe watu ramani ya vipimo vya maji kutoka kwa boti ya roboti iliyopita Mto Themi, Arusha, kidole kitaenda moja kwa moja kwenye doa jekundu, yaani palipo na kipimo kisicho cha kawaida: "Mchafuzi huyo hapo." Hapana! Kwa doa hilo mtu anaweza kufungiwa karakana yake bure.

Boti haipimi uchafu. Inapima joto, pH (kiwango cha asidi au alkali), oksijeni, ukungu wa maji na upitishaji umeme, yaani chumvi zilizoyeyuka. Maji yetu yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, na chemchemi nyingi zimebeba chumvi na floridi tangu zikiwa chini ya ardhi, nyingine kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha WHO, Shirika la Afya Duniani. Kijito kisichoguswa na mtu kinaweza kuwa chekundu kuliko mfereji wa maji machafu. Pima upande wa juu wa mto na kwenye mdomo wa kila kijito, ndipo uongelee tofauti.

Kisha doa lenyewe halipo lilipochorwa, na hili ndilo linalonichosha. Kihisi cha oksijeni kinaweza kuhitaji sekunde 30 kukaribia thamani halisi. Kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, boti imeshapita mita 30, na GPS inaongeza kosa la mita kadhaa. Boti ikipanda mto, doa husogea juu. Ikishuka, husogea chini. Pita njia ileile kwenda na kurudi, nusu mita kwa sekunde ukipima kwa ardhi, si kwa maji. Ukweli uko kati ya alama hizo mbili. Na usipite katikati tu: maji machafu yanayomwagwa mtoni na bomba hung'ang'ania ukingo yalikotokea, umbali mrefu, kabla ya kuchanganyika.

Oksijeni ya alfajiri usiilinganishe na ya saa tisa mchana; mwani huipandisha jua likiwaka. Kihisi cha pH kisawazishe kwa bafa (miyeyusho ya pH inayojulikana) za 7 na 10, maana maji haya yana alkali, na elektrodi yake, yaani ncha inayopima, usiihifadhi kwenye maji yaliyochemshwa na kukingwa mvuke, bali kwenye myeyusho wa KCl (kloridi ya potasiamu).

Floridi siiamini ikipimwa boti ikitembea, kwa sababu elektrodi yake inataka sampuli ichanganywe kwanza na TISAB, bafa maalumu ya kupimia floridi. Viuatilifu vya mashamba ya mboga ni vibaya zaidi: kwa viwango vyake vya kawaida mtoni havisogezi namba yoyote kati ya hizi, na ramani inabaki kijani kote. Ndiyo maana boti naipangia ichote chupa kwenye doa, na chupa nyingine mbili mahali pasipo na doa kabisa, zote ziende maabara.