Mfumo mmeshanunua, mbona leja bado iko mezani?

Mwaka 2023 niliitwa kwenye taasisi moja, sitaitaja, niangalie kwa nini mfumo wao wa stoo na manunuzi "haufanyi kazi". Nikafika, nikaingia, mfumo unapiga kazi vizuri tu, seva iko hewani, bakapu zipo, watu wana paswedi zao. Nikashangaa. Nikaomba nishuke stoo nikaone wenye kazi yao.

Stoo nikamkuta mama mmoja mtu mzima, shikamoo mama, marahaba baba, nyie ndo wa kompyuta? Kompyuta yenyewe iko mezani imefunikwa kitambaa cha kufuma, na pembeni yake kuna leja kubwa yenye mgongo mwekundu, kalamu imechomekwa katikati, ukiiona tu unajua hapa kipi ndo kinatumika. Nikamuuliza mama mbona hutumii mfumo, akasema natumia bwana, jioni najaza. Yaani mchana anaandika kwenye leja, saa kumi na moja anafunua kitambaa anaanza kunakili yaleyale kwenye kompyuta, kazi moja mara mbili, alafu hiyo ya kwenye kompyuta mwenyewe haiamini.

Akanionyesha. Karatasi za A4: leja inasema 40, mfumo unasema 40. Nikamwambia mbona zinalingana mama, akacheka, angalia vizuri baba. Leja inahesabu rimu, mfumo unahesabu boksi. Boksi moja lina rimu 5, kwa hiyo watu wa manunuzi huko ghorofani wakifungua mfumo wanaona rimu 200 na wanalala usingizi, wakati kwenye shelfu kuna rimu 40 na mitihani inakaribia. Zikiisha, mtu anakimbizwa na hela ya dharura akanunue dukani kwa bei ya rejareja. Mama aliripoti kwa vijana wa IT, vijana wakasema hilo ni la mkandarasi, mkandarasi akasema mkataba wa matengenezo umeisha lipieni kwanza, basi likafa hapo. Na wakati mfumo unasetiwa hakuna aliyemuita yeye kumuuliza stoo yako mnatoa vitu kwa kipimo gani.

Nimeanza na hiki kisa kwa sababu kila nikiongea na wakuu wa taasisi kuhusu TEHAMA wananiuliza swali moja, tunanunua mfumo gani? Wachache sana wanauliza baada ya kununua nani ataacha kufanya nini. Na faida iko hapohapo. Mfumo haukuletei shilingi hata moja kwa kuwepo, unaleta pale kazi ya zamani inapokufa, leja inapofungwa, sahihi ya tano inapoondolewa kwenye vocha ya malipo, foleni inapoisha. Kama vyote vya zamani vipo na mfumo upo, mmeongeza gharama tu.

Hili sio tatizo letu peke yetu. Mwaka 1987 mchumi wa Marekani Robert Solow, aliyepata Nobel mwaka huohuo, aliandika kwamba zama za kompyuta unaziona kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Wenzake wakaanza kutafuta sababu, na mmoja wao, Paul David, mwaka 1990 akarudi nyuma kuangalia umeme ulivyoingia viwandani. Zamani kiwanda kilikuwa na injini moja kubwa ya mvuke, inazungusha mhimili mrefu juu ya dari, mashine zote zinaungwa kwenye huo mhimili kwa mikanda, kwa hiyo mashine zinapangwa kufuata mhimili na sio kufuata kazi. Umeme ulipokuja wengi wakatoa injini ya mvuke wakaweka mota kubwa palepale, mikanda ileile, mpangilio uleule, na faida ikawa kiduchu. Ilichukua kama miaka 40 mpaka miaka ya 1920 watu walipoanza kuipa kila mashine mota yake na kupanga kiwanda upya, hapo ndo uzalishaji ukapaa. Mimi nikiona ofisi inaskani barua, inaiprinti, inaipeleka masjala igongwe muhuri alafu inaskaniwa tena, nakumbuka ile mikanda.

Kwa upande wa pili tuna mfano mzuri hapahapa Tanzania, na kila mtu ameugusa: kontroo namba. Mfumo wa serikali wa malipo, GePG, ulianza kutumika 2017, na kiufundi sio maajabu, ni bili inapewa namba, unalipa benki au kwa simu, taarifa inarudi kwenye taasisi. Kilicholeta thamani ni kwamba utaratibu wenyewe ulibadilika. Hela haipiti tena mkononi kwa karani wa dirishani, na mhasibu hahitaji kukaa na lundo la slipu za benki anatafuta huyu aliyelipa 50,000 Jumanne ni nani. Sheria na usimamizi vikasukuma taasisi za umma zilipitie humo, hakukuwa na dirisha la pembeni la "lete tu keshi". Wangeacha lile dirisha wazi, nina hakika tungekuwa na kontroo namba na vitabu vya risiti mpaka leo.

Sasa kuna hesabu moja watu wanaipenda kwenye maandiko ya miradi, na mimi naiogopa. Wanaandika mfumo utaokoa muda. Sawa, tuseme watumishi 3 kila mmoja anaokoa saa 2 kwa siku, siku 22 za kazi, hiyo ni saa 132 kwa mwezi, unazidisha na mshahara unapata hela nzuri kwenye karatasi. Lakini mshahara wao mwezi ujao si uleule? Hakuna hela iliyookolewa mpaka uamue hizo saa 132 zinaenda wapi, labda kufuatilia madeni sugu, labda kuhudumia wateja mliokuwa mnawaambia njoo kesho. Usipoamua zinaishia WhatsApp. Na kabla ya kununua chochote pima hali ya sasa, vocha inachukua siku ngapi kutoka meza ya kwanza mpaka hela itoke, andika tarehe, andika namba, maana baada ya mwaka kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake na mkandarasi atakuwa na yake nzuri zaidi. Bei ya kununua nayo isikudanganye, leseni za kila mwaka nyingi ni za dola, shilingi ikitikisika bajeti yako inatikisika nayo.

Haraka nayo ni gharama. Hershey, wale wa chokoleti wa Marekani, walitumia kama dola milioni 112 kwenye mfumo mpya, kazi iliyofaa miaka 4 wakaibana iwe miezi 30, wakauwasha katikati ya 1999, oda za Halloween, sikukuu yao ya kugawia watoto pipi, zikiwa mlangoni. Pipi zimejaa maghalani, mfumo hauwezi kuzitoa, oda za dola milioni 100 hivi zikakwama. Kuwasha mfumo wa ada wiki ya kufungua chuo ni kosa lilelile, na nimeliona likifanyika kwa macho yangu.

Ndo maana huwa nasema mfumo uwe na mwenyewe, na mwenyewe asiwe mkuu wa TEHAMA. Mfumo wa stoo ni wa mkuu wa ugavi, faida isipoonekana aulizwe yeye, sisi wa IT tuulizwe kama umezimika. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 inataka taasisi za umma ziwe na kamati ya uongozi ya TEHAMA, sehemu nyingi nilizopita kamati ipo ila ikikaa inajadili laptop za nani zimechoka.

Pale stoo dawa yenyewe haikuwa ya hela. Tulimwita mkuu wa ugavi, mhasibu, kijana mmoja wa IT na yule mama, tukahesabu shelfu zote siku nzima, tukarekebisha vipimo, mama akapewa haki ya kusahihisha mwenyewe, ikawekwa tarehe ya kufunga leja. Siku ilipofika aliifungia kabatini, funguo akabaki nazo.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, Jumatatu intaneti nchi nzima inachechemea na mfumo wao uko kwenye seva za mbali. Nikampigia yule mama wa stoo kumuuliza hali. Akaniambia nimefungua kabati baba, nimeandika mistari 9, mkirudi hewani naiingiza naifunga tena. Jumatano jioni akanitumia picha: mstari wa 9 umepigiwa mstari mwekundu chini, na sahihi yake.