Pensheni isiyo na mfuko ni nini hasa?

Jana alasiri pale Mkunguni, Lamu, ami yangu, mwalimu mstaafu, alinionyesha meseji ya benki kwamba pensheni imeingia, akaniuliza, "Hivi pesa zangu za miaka yote ile zilikuwa zimewekwa wapi?" Nikamwambia, ami, hazikuwekwa popote, pensheni yako wewe haikuwahi kukatwa kwenye mshahara.

Na ndio maana yake hiyo. Pensheni ya zamani ya walimu, polisi na wafanyakazi wengine wa serikali ya Kenya hailipwi kutoka kwa akiba, inalipwa na kodi ya mwaka huuhuu, kapu lilelile linalolipa madeni ya taifa. Sisi wa visiwani tunajua jabia, birika la kuwekea maji ya mvua, masika linajaa, kiangazi unachota. Pensheni yenye mfuko ni jabia, hii ya ami ni kungoja mvua inyeshe siku ileile una kiu.

Sasa wanaostaafu ni wengi na alhamdulillahi wanaishi sana. 2009 umri wa kustaafu ukatolewa 55 ukapelekwa 60, lakini hiyo iliuahirisha mzigo miaka mitano tu, haikuutua.

Ndipo Januari 2021 ukaanza mfuko mpya wa pensheni wa wafanyakazi wa serikali, walio chini ya miaka 45 wakaingizwa kwa lazima, mwaka wa kwanza wakakatwa asilimia 2 ya mshahara, wa pili 5, kuanzia wa tatu 7.5, na serikali inaongeza asilimia 15 ya mshahara huohuo juu yake. Watu walilalamika sana na mimi nawaelewa, mshahara wenyewe ndio ule. Lakini kuna jambo zito zaidi ambalo halisemwi sana, yaani serikali sasa inalipa mara mbili, wazee kina ami bado wanalipwa na kodi, na hapohapo inatakiwa ijaze jabia la vijana, na itakwenda hivyo miaka na miaka mpaka wa mwisho wa mfumo wa zamani amalize, na mjane wake anayerithi pia. Ikibanwa na pesa ikachelewesha ile 15, jabia linabaki nusu, na faida ambayo pesa hizo zingezaa nayo imekwenda.

Ami akampigia bintiye hapohapo, ni mwalimu Malindi, akamwambia, "Mwanangu, itazame taarifa ya mfuko wako, usiangalie ulichokatwa peke yake, angalia na cha serikali kama kimeingia."