Linux peke yake haiipi kasi laptop kuukuu

Wengi huamini laptop ya mtumba ikiwekwa mfumo endeshi wa Linux itakimbia kama mpya. Si kweli. Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, yenye eneokazi la Xfce ni nyepesi, sawa, lakini kivinjari ni kilekile: tabo kumi zenye video zinaweza kuimaliza RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4, diski ya kuzunguka ianze kukwaruza huku kishale kimeganda. Dawa ni SSD (diski isiyozunguka) ya kiunganishi cha SATA ya inchi 2.5, kisha RAM ya GB 8. Fungua mfuniko wa chini kwanza kabla ya kununua RAM, maana RAM nyingine zimechomelewa kwenye ubao. Kabla ya kufuta chochote, iwashe kwa flashi ya GB 8 iliyowekwa Linux ujaribu Wi-Fi, sauti na hali ya kulala (sleep). Ikijivuta hapo usishtuke, ni flashi hiyo.